Fiziotherapia Si Chupa ya Mafuta

Shangazi yangu alipopatwa na kiharusi na kupooza upande wa kulia, tulimtoa Ahero hadi kliniki ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, mjini Kisumu akiwa na chupa ya mafuta ya kukandia mkobani. Mtaalamu aliipokea kwa heshima, akaiweka dirishani, kisha akamwomba ainuke kitini na kuketi tena mara kumi, huku akiuelekeza uzito kwenye ule mguu uliolegea. Jasho lilimtoka. Njiani kurudi nyumbani alilalamika kwamba tumelipa pesa na yeye hakutibiwa. Lalamiko hilo ndilo shina la karibu kila dhana potofu nitakayoieleza hapa: kwamba tiba ni jambo ambalo mgonjwa hufanyiwa akiwa amelala, na kwamba anayemtoa mgonjwa jasho ameikwepa kazi yake mwenyewe.

Wanaosema kwamba fizio, yaani mtaalamu wa fiziotherapia, ni mkandaji wa hospitali hawakulizua jambo hilo hewani. Nchini Uingereza, chama kilichoizaa taaluma hii kilianzishwa mwaka 1894 na wauguzi wanne waliokuwa wakichua wagonjwa, na hadi leo kuchua kumebaki kuwa mojawapo ya zana za kazi. Lakini ni zana ndogo. Kuchua hutuliza maumivu na kulegeza misuli iliyokaza kwa muda. Hakurudishi nguvu kwenye misuli, na kwa mgonjwa wa kiharusi hakugusi mahali palipoharibika, kwa sababu hitilafu haimo mguuni bali imo kwenye ubongo. Sehemu ya ubongo iliyokuwa ikiuamuru mguu imekosa damu na kufa, na sehemu zilizosalia zinaweza kujifunza kuichukua kazi hiyo iwapo tu mwendo wenyewe utarudiwa mara nyingi, kwa nia, katika shughuli yenye maana kama kuinuka, kushika kikombe au kupiga hatua. Kwa hiyo kile kiti kilikuwa ndiyo dawa yenyewe. Ni kweli kwamba nafuu huja kwa kasi zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo, ila wanaohitimisha kwamba baada ya hapo hakuna linalowezekana huwanyima wagonjwa wao hatua ambazo wengine huzipata hata baada ya mwaka.

Kuna pia ukandaji unaodhuru, na hapa sioni sababu ya kupunguza ukali wa maneno. Mguu mmoja unapovimba ghafla na kuuma nyuma ya goti au kwenye shavu la mguu, hasa baada ya upasuaji au kulala kitandani kwa muda mrefu, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Kuusugua mguu huo kunaweza kulitoa donge hilo na kulisukuma hadi kwenye mapafu, na mgonjwa akafa. Mguu kama huo hupelekwa hospitalini siku hiyohiyo. Mkono uliopooza nao haufai kuvutwa wakati wa kumwinua mgonjwa, maana misuli inayolishikilia bega imelegea na kiungo huteguka kwa urahisi. Vilevile, maji ya moto yanayomiminwa kwenye kiungo kisicho na hisia huunguza ngozi bila mwenyewe kujua.

Dhana ya pili kwa nguvu ni ya mgongo. Mama anayebeba magunia ya omena soko la Kibuye, au mwendesha bodaboda anayekaa juu ya pikipiki kutwa nzima, akishikwa na mgongo huambiwa na majirani alale chali wiki mbili juu ya godoro gumu. Zamani hata madaktari walishauri hivyo. Siku hizi inafahamika kwamba kulala muda mrefu hudhoofisha misuli inayoutegemeza uti wa mgongo na kurefusha maumivu, ilhali mwenye mgongo wa kawaida anayeendelea kutembea na kufanya kazi nyepesi kadiri awezavyo hupona mapema zaidi. Hata hivyo ipo migongo isiyo ya kawaida: ule unaoambatana na kushindwa kuzuia haja, ganzi kati ya mapaja, homa, kupungua uzito bila sababu au udhaifu wa miguu unaoongezeka. Mtaalamu mzuri huuliza kuhusu dalili hizi kabla hajamgusa mtu, na akizikuta humwelekeza kwa daktari haraka.

Wengine hawamwamini fizio mpaka wapate picha. Wanauza mbuzi ili wapigwe skani, kisha wanasoma kwamba diski, ule mto ulio kati ya mifupa ya uti wa mgongo, imechomoza na kuingiwa na hofu ya kuinama maisha yao yote. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, uliokusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo, ulionyesha dalili za kuchakaa kwa diski kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Kuchakaa huko kunafanana na mvi zaidi kuliko ugonjwa. Picha ina mahali pake, hasa zinapoonekana zile dalili za hatari, lakini kwa wengi maswali, kupimwa nguvu na kutazamwa wanavyotembea hueleza zaidi.

Kuhusu maumivu, watu wamegawanyika katika makundi mawili yanayokosea pamoja. Wapo wanaodhani kwamba tiba isiyouma haifanyi kazi, na wapo wanaoacha zoezi mara tu linapouma. Kwa kawaida mtaalamu hukubali usumbufu unaovumilika na unaotulia kabla ya siku inayofuata. Maumivu makali, au yanayozidi asubuhi ya kesho yake, humwambia kwamba kipimo kilikuwa kikubwa, naye hukipunguza.

Jambo linaloniudhi kuliko yote ni imani kwamba plasta ikitolewa, kazi imekwisha. Vijana wengi wa bodaboda waliovunjika paja huondoka hospitalini na chuma mfupani, mfupa ukiwa umeunga vizuri, halafu goti linabaki limenyooka kama mti. Wataalamu hulipima goti kwa kipima pembe kwa sababu maisha yana nyuzi zake: kutembea huhitaji goti likunjike takribani nyuzi 60, kupanda ngazi karibu 90, na kuchutama zaidi ya 110. Ndiyo maana mtaalamu huuliza maswali ambayo mgonjwa huyaona ya udaku, kama vile choo cha nyumbani ni cha kuketi au cha kuchutama, na maji huchotwa umbali gani. Majibu hayo ndiyo yanayoamua zoezi gani lianze. Goti lililoachwa bila kukunjwa kwa miezi mingi hukaza kiasi cha kuhitaji upasuaji mwingine.

Si mifupa tu. Mgonjwa aliyepasuliwa tumbo hushangaa fizio akija kitandani kumfundisha kuvuta pumzi ndefu na kukohoa huku amekumbatia mto. Bila hivyo makohozi hutuama na mapafu hupata maambukizi. Mtoto anayezaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani, ambaye bibi zake husema amerogwa au mama yake alikosea mwiko, hunyooshwa miguu taratibu kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, kwa mbinu ya daktari Ignacio Ponseti, na baadaye huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa fito, karibu saa zote kwa miezi mitatu ya mwanzo, kisha wakati wa kulala, hadi umri wa takriban miaka minne. Wazazi wengi huviacha viatu hivyo mguu unapoonekana umenyooka, na mguu hupinda tena.

Mwisho ni swali la nani hasa anastahili jina hilo. Nchini Kenya ipo Sheria ya Wanafiziotherapia ya mwaka 2014, iliyounda baraza linalosajili wataalamu na kuwapa leseni. Aliyejifunza kuchua kwa wiki chache na kutundika bango barabarani hayumo humo, hata akivaa koti jeupe, na si utovu wa adabu kumwomba mtu akuonyeshe leseni yake kabla hujamkabidhi shingo yako. Shangazi, kwa upande wake, aliisahau chupa yake pale dirishani, na sikumbuki akiiulizia tena.