Perege wa msimu wa baridi: yanayosemwa ukingoni na yaliyo kweli

Kuanzia Mei hadi Agosti, kingo za mabwawa ya Mufindi, Njombe na Iringa hubaki na wavuvi wachache wa ndoano. Wengi wameambiwa kwamba samaki wamelala. Perege hajalala wala hajahama bwawa. Ametoka pale ulipozoea kumtupia wakati wa mvua, na saa yake ya kula imebadilika.

“Baridi ikiingia samaki hawali.”

Perege ni samaki wa maji ya joto. Hustawi maji yakiwa nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Yakishuka chini ya 20 hamu yake hupungua sana, na yakikaribia 16 huacha kula. Kwa hiyo kinachohesabika ni joto la maji. Baridi unayoisikia ndani ya koti haikuambii mengi, kwa sababu maji hupoa taratibu kuliko hewa. Bwawa la Mtera liko kwenye mwinuko wa karibu mita 700, na maji yake hayapoi kama ya bwawa la Ngwazi, Mufindi, kwenye mita zipatazo 1,840. Uzoefu wa Mtera haufai kubebwa mzima hadi Mufindi.

Nunua kipimajoto cha maji, kifunge kwenye kamba, kishushe mita 1 kwa dakika 3, kisha kivute haraka na usome papo hapo. Ukikuta 18, vua, lakini tegemea kuguswa mara chache. Ukikuta 15, subiri jua lipande au nenda bwawa la chini zaidi.

“Mvuvi wa kweli huwahi alfajiri.”

Hili ndilo kosa linaloharibu siku nyingi kuliko mengine. Linatoka kwenye maeneo ya joto, na siku hizi pia kwenye mafunzo ya mtandaoni yanayohusu trauti, samaki wa maji baridi. Trauti asili yake ni Ulaya na Amerika Kaskazini, na anapenda maji ya nyuzi 10 hadi 18. Kwao, kati ya Septemba na Novemba, maji ya ziwa yanapoa baada ya joto la kiangazi, na trauti husogea ukingoni kutafuta chakula. Kumvizia asubuhi na mapema kuna maana. Perege maji yakipoa hufanya kinyume chake: huuacha ukingo.

Usiku wa Juni ukiwa na anga wazi, maji machache ya kando hupoteza joto kwanza. Alfajiri ndipo ukingo unapokuwa baridi kuliko mahali pengine bwawani, na perege yuko kwenye kina. Jua likishawaka, maji ya kina cha mita 1 hadi 1.5 yaliyo juu ya tope jeusi au mawe hupata joto mapema, naye hurudi hapo. Vua saa 5 asubuhi hadi saa 10 jioni. Siku ya ukungu wa kutwa nzima, ambayo watu wa Mufindi wanaijua vizuri, joto hilo halipatikani; fuata kina tangu mwanzo.

“Kaa upepo ukiwa mgongoni.”

Kweli mshipi huruka mbali zaidi. Lakini kusi huvuma kutoka kusini-mashariki na kusukuma maji ya juu, yaliyopashwa joto na jua, pamoja na wadudu walioangukia majini, hadi ukingo wa kaskazini-magharibi. Mchana kaa huko, upepo ukikupiga usoni, na ongeza uzito wa chubwi, kile kizito kinachozamisha ndoano. Si lazima kutupa mbali: mita 5 hadi 10 kutoka ukingoni mara nyingi zinatosha. Upepo ukivuma usiku kucha chini ya mawingu, faida hiyo inapotea.

“Ndoano kubwa, samaki mkubwa.”

Mdomo wa perege ni mdogo. Tumia ndoano namba 8 hadi 12, ukikumbuka kwamba katika ndoano hizi namba ikipanda ndoano inapungua. Uzi wa nailoni wa milimita 0.20 hadi 0.25 unatosha. Chambo kiwe kipande cha nyungunyungu cha sentimita 2, au ugali mgumu uliokandwa sana, tonge lake lisizidi punje ya mahindi. Ugali laini huyeyuka kabla haujafika chini, na mvuvi hukaa nusu saa akilinda ndoano tupu. Pumba ya kuwaita samaki, ambayo wakati wa joto hutupwa kwa kopo zima, sasa iwe konzi moja kwa saa. Perege wa baridi hula kidogo, na ukimshibisha hataiona ndoano.

Boya ndilo linalohitaji uvumilivu. Funga uzito wa ziada kwenye ndoano na utupe pale unapotaka kuvua. Boya likizama, uzi ulio chini yake ni mfupi. Likilala ubavu, ni mrefu. Rekebisha mpaka lisimame wima na ncha yake tu ionekane. Kisha toa ule uzito na ushushe boya sentimita 10, ili chambo kining’inie juu kidogo ya tope. Kwenye baridi perege halizamishi boya kwa kishindo. Linatetemeka, linasogea kando, au linanyanyuka kidogo. Hapo ndipo pa kuvuta, kwa kifundo cha mkono tu.

“Samaki wakihema juu asubuhi wana njaa.”

Wanakosa hewa. Maji ya chini yasiyo na oksijeni yamechanganyika na ya juu, na samaki wamekuja kuvuta hewa usoni mwa maji. Chambo hakitawavuta.

“Kelele zinawafukuza.”

Mazungumzo ya kawaida hayapenyi sana majini. Kishindo cha miguu kwenye udongo hupenya, na kivuli chako huonekana. Ongea, lakini usitembeetembee.

“Ndevu za kambare zina sumu.”

Ndevu zake ni laini, za kunusia na kuonjea chakula gizani. Kinachochoma ni miiba miwili migumu ya mapezi ya kifuani. Mshike nyuma ya kichwa, kidole gumba na kidole cha shahada vikikaa nyuma ya miiba hiyo, na utumie kitambaa kilicholowa. Akikuchoma, osha kidonda kwa sabuni na maji safi, maana tope la bwawani huleta usaha.

“Utupa ni mmea tu, hauna madhara.”

Utupa una rotenoni, sumu inayowazuia samaki kutumia oksijeni. Unaua vifaranga na wadudu wanaowalisha, na katika maji baridi sumu hiyo hudumu muda mrefu zaidi kuliko katika maji ya moto. Uvuvi wa sumu umekatazwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003. Kabla ya kutupa ndoano, muulize afisa uvuvi wa halmashauri kuhusu leseni, na kama bwawa liko ndani ya shamba la chai, omba ruhusa ofisini kwao kwanza.