Kumsaliti mtu ni kufanya nini hasa?

Jumatano ya Juma Kuu nilikwenda Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, Mwanza, kununua sado mbili za dagaa, na kabla sijapimiwa hata moja nikamsikia mama muuzaji akimwita Yuda kijana aliyekuwa akipita na mkokoteni. Nilipouliza kosa lake nikaambiwa kwamba kijana yule alimbebea magunia kwa miaka miwili, na sasa amehamia kwa tajiri mwingine anayemlipa zaidi kwa kila gunia. "Kanisaliti kwa hela, Mwalimu, kama Yuda na vile vipande thelathini." Nisingelichukulia neno hilo kwa uzito kama asubuhi ileile, ndani ya daladala, mhubiri mmoja asingekuwa ametueleza kwa sauti kubwa kwamba usaliti ni tamaa ya fedha na tamaa ya fedha ndiyo usaliti. Miaka yote niliyofundisha katekisimu nimesahihisha sentensi hiyo kwa watoto, na naona sasa imehamia kwa watu wazima.

Maana ya neno ni fupi. Kumsaliti mtu ni kumtia mikononi mwa adui yake kwa kutumia kile ambacho aliyekuamini alikuachia ukijue: siri yake, mahali anapolala, saa anayopita bila watu. Lazima pawe na imani iliyovunjwa, na lazima pawe na adui anayepokea. Kimoja kikikosekana, tendo hilo litafute jina lingine. Nia ya mtendaji, iwe njaa, hasira, woga au tamaa, haimo ndani ya maana hiyo hata kidogo.

Neno lenyewe tumelipata kutoka Kiarabu, katika kitenzi sallata, chenye mzizi uleule uliotupatia sultani. Huko kwao maana yake ni kumpa mtu mamlaka juu ya mwingine, au kumwachilia adui juu ya mtu jinsi mwenye nyumba anavyomfungulia mbwa mnyororo. Kiswahili kililipokea na kulitumia pia kwa maana ya kugombanisha na kuchonganisha. Katika safari yote hiyo, tangu sultani hadi mchonganishi, halikupita sokoni. Wazo lililomo ni la nguvu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine: jana adui hakukuweza, leo anakuweza kwa sababu mtu wa ndani amemfungulia mlango.

Kigiriki cha Agano Jipya kina neno lililo tulivu zaidi. Waandishi wa injili wanapoeleza alichofanya Yuda hutumia kitenzi paradidomi, yaani kutoa au kukabidhi, ambacho hakibebi ubaya wala wema. Wafasiri wa Biblia ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, waliliona hilo, na ndiyo maana kitenzi hicho kimoja kinageuka kwa Kiswahili kufuatana na anayetenda. Akiwa Yuda, kinakuwa kusaliti. Wakiwa makuhani wanaompeleka Yesu kwa Pilato, kinakuwa kumtoa. Akiwa Mungu mwenyewe, katika Warumi 8:32, tunasoma kwamba hakumwachilia Mwana wake bali alimtoa kwa ajili yetu sisi sote. Mahali panaponifurahisha zaidi ni 1 Wakorintho 11:23, ambapo Paulo anasema kwamba aliyoyapokea kwa Bwana ndiyo aliyowapa wao pia, kwamba Bwana Yesu usiku ule aliotolewa alitwaa mkate. Ule upaji wa mafundisho na ule utoaji wa Yesu ni kitenzi kilekile, mara mbili katika mstari mmoja, na wafasiri wetu, ambao wangeweza kuandika "aliosalitiwa" kama lugha nyingine zilivyofanya, walijizuia. Jina hasa la msaliti, prodotes kwa Kigiriki, Yuda amepewa mara moja tu katika injili zote nne, kwenye orodha ya mitume katika Luka 6:16.

Nakaa juu ya neno hili kwa sababu moja. Kitenzi kinachotaja tendo bila kutaja nia kinamwachia msomaji kazi ya kuitafuta nia mahali pengine katika maandiko, na mtu aliyekwisha kuitia nia ndani ya kitenzi hataitafuta. Tena waandishi hawa si kwamba hawakujua kutaja nia walipotaka. Marko 15:10 inasema wazi kwamba Pilato alitambua ya kuwa wakuu wa makuhani walikuwa wamemtoa Yesu kwa husuda. Kitenzi ni kilekile paradidomi, na nia imewekwa pembeni yake kwa neno lake lenyewe: husuda. Ukirudi nyuma sura moja tu, kwenye 14:10, unamkuta Yuda akiondoka kwenda kwa makuhani apate kumsaliti, na pembeni ya kitenzi hapana kitu. Marko hasemi ni kwa nini. Makuhani wanafurahi, wanaahidi kumpa fedha, lakini fedha hiyo inatajwa baada ya yeye kwisha kwenda.

Mathayo ndiye anayempa mhubiri wa daladala chakula chake, maana ni yeye peke yake anayemsikilizisha msomaji Yuda akiuliza atapewa nini, na ni yeye peke yake anayetaja vipande thelathini. Ndiyo injili inayosomwa kwetu Wakatoliki Jumatano hiyohiyo, kwa hiyo siwezi kumlaumu mtu kwa kuwa nayo masikioni. Lakini tuihesabu hiyo fedha. Wafafanuzi wengi huvichukua vipande hivyo kuwa shekeli, na shekeli moja kwa kawaida huhesabiwa sawa na dinari nne, na dinari moja, kwa mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20, ni ujira wa kibarua wa siku moja. Basi ni dinari mia moja na ishirini, kazi ya miezi minne hivi kwa mbebaji wa magunia. Si fedha ya kuchezea. Sasa weka kando yake marhamu ya Bethania, ambayo Yohana anasema Yuda alinung'unika kwamba ingeuzwa dinari mia tatu. Marhamu iliyomwagwa miguuni pa Yesu kwa jioni moja ilikuwa na thamani ya zaidi ya mara mbili ya bei aliyomtolea Bwana wake. Na Yohana huyohuyo, ambaye ndiye anayemwita Yuda mwizi, anatuambia kwamba mfuko ulikuwa mikononi mwake na kwamba alichukua vilivyotiwa humo. Mtu mwenye mfuko wa kudokoa kila siku hana haraka ya kuuvunja msafara mzima kwa malipo ya mara moja. Mathayo mwenyewe anamalizia kwa kumwonyesha akizirudisha fedha zote hekaluni na kukiri kwamba amekosa. Kiasi chenyewe, zaidi ya hayo, kina sauti ya maandiko ya kale: ni bei ya mtumwa aliyeuawa na ng'ombe katika Kutoka 21:32, na ni ujira wa dharau aliopimiwa mchungaji katika Zekaria 11. Mathayo anaitumia namba hiyo kuonyesha jinsi makuhani walivyomthamini Yesu. Kuifanya iwe kipimo cha moyo wa Yuda ni hatua nyingine, na hiyo tunaipiga sisi.

Luka anaweka sababu nyingine mbele: Shetani alimwingia Yuda, kisha ndipo akaenda kusema na makuhani. Yohana anasema hivyo pia, ila anachelewesha hadi mezani, na anaweka tukio ambalo msomaji wa Kiswahili analielewa kuliko wengi, kwa kuwa sisi tunajua maana ya mwenye karamu kumega tonge, kulichovya na kumpa mtu kwa mkono wake. Ni heshima. Baada ya tonge hilo, anasema Yohana, Shetani alimwingia. Akalipokea, akatoka, nako kulikuwa ni usiku. Malipo ya makuhani hayatajwi kabisa mahali hapo.

Wapo wanaotafuta nia kwenye jina Iskariote, wakilinganisha na sicarii, wale Wayahudi waliotembea na visu wakiwapinga Warumi, ili Yuda awe mwanamapinduzi aliyekata tamaa au aliyetaka kumlazimisha Yesu aonyeshe nguvu zake. Nadharia hiyo inapendeza jukwaani, lakini kundi hilo linajulikana katika historia miaka kadhaa baada ya kusulibiwa kwa Yesu, na Yohana 6:71 inampa jina hilo Simoni, baba yake Yuda, jambo linaloelekea zaidi kwenye kijiji cha asili, Keriothi ya Uyahudi, kuliko kwenye kisu. Mtu wa Keriothi, basi, kama tunavyosema mtu wa Ukerewe.

Kama nia imefichwa au imegawanyika, tendo liko wazi kabisa. Makuhani walitaka kumkamata Yesu kwa hila, tena si wakati wa sikukuu, kwa kuwaogopa watu. Walichokosa ni mahali na saa ambapo hapana mkutano. Yohana 18:2 inaeleza kwamba Yuda alipajua mahali pale, ng'ambo ya kijito Kedroni, kwa sababu Yesu alikuwa akienda huko mara nyingi pamoja na wanafunzi wake. Hicho ndicho alichokitoa: njia ya bustanini usiku na, kwa Mathayo na Marko, busu la kuwaonyesha askari ni yupi kati ya wanaume wale gizani. Kwa Kigiriki, hakuna mahali katika injili nne panaposema kwamba Yuda "alimwuza" Yesu, ijapokuwa nyimbo na mahubiri yetu hayaishi kusema hivyo.

Usiku uleule wanafunzi wengine nao walifanya mabaya, na lugha iliwatendea haki. Wote walimwacha wakakimbia. Hilo ni kukimbia. Petro alisema mara tatu kwamba hamjui mtu huyo. Hilo ni kukana. Sijapata kumsikia mtu akimwita Petro msaliti, na ni vizuri, kwa kuwa kwa woga wake wote hakumtia mtu mikononi mwa yeyote. Watu wanaojua kutenganisha matendo hayo matatu katika usiku ule mmoja wanashindwaje kuyatenganisha mwaloni, ambako mtu akiacha mtumbwi huu akapanda ule anaitwa jina lilelile na yule aliyewaongoza askari wenye taa na mienge?

Nilimweleza mama sehemu ya haya, kwa ufupi, alipokuwa akinijazia sado ya pili. Nikamwambia kijana amehama, na kuhama kunauma, hasa msimu huu magunia yanaposhushwa usiku na mikono haitoshi, lakini hajamtia mtu mikononi mwa adui. Alisawazisha dagaa juu ya sado kwa kiganja, akaongeza konzi moja, akaniuliza kama nimemaliza. Nikasema nimemaliza.

"Na bei ninayonunulia kule visiwani, ambayo yeye alikuwa akiisikia nikiongea kwa simu na watu wangu, akaenda kumwambia huyo tajiri wake, wiki hii wakanipiku kwa kila mtumbwi. Hilo nalo ni kuhama?"

Ilinibidi nikiri kwamba hilo, kama ndivyo lilivyokuwa, lina jina lilelile alilolitaja tangu mwanzo. Nikamwomba tu aseme "kanisaliti" na aishie hapo, ile "kwa hela" aiache kwanza, mpaka kijana mwenyewe atakapoulizwa.