Rekodi ya bondia: jinsi ya kusoma mapambano ya mwanzo ya mabingwa

Rekodi ya bondia ni hesabu ya mapambano yake yote ya kulipwa. Huandikwa kwa namba tatu: aliyoshinda, aliyopoteza na aliyotoka sare. Ukikuta 19-0-0, mtu huyo amepanda ulingoni mara 19 na hajapigwa wala kutoka sare. Pembeni huwekwa idadi ya KO, yaani ushindi uliopatikana kabla ya kengele ya mwisho. TKO, pale refa anapoona mmoja amezidiwa akasimamisha pambano, huingizwa humo humo. Ngumi za ridhaa hazimo kabisa. Medali ya fedha ya bondia Titus Simba kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1970 na dhahabu ya Michael Yombayomba kule Kuala Lumpur mwaka 1998 ni heshima kubwa ya nchi hii, lakini hazionekani katika namba hizo tatu.

Hapa Dodoma rekodi hujadiliwa sana Jumapili asubuhi, kwa kuwa pambano kubwa la Jumamosi usiku Las Vegas hutufikia jua linapochomoza. Kwenye vibanda umiza vya Majengo na Chang'ombe ubishi haukosi kufika kwa Mike Tyson na Muhammad Ali: nani alianza vizuri zaidi? Mashabiki wa Tyson hutaja KO zake na kudhani wamemaliza. Naandika kwa sababu ubishi huu una madhara. Vijana wetu wanaofanya mazoezi wanausikia, na kijana anayeamini kwamba bingwa ni yule asiyepigwa mwanzoni huacha ngumi siku anayopoteza pambano lake la tatu.

Tuwachukue hao hao wawili. Tyson alianza ngumi za kulipwa Machi 6, 1985, mjini Albany, akammaliza Hector Mercedes raundi ya kwanza. Mwaka huo mmoja alipigana mara 15. Mapambano yake 19 ya mwanzo yote aliyamaliza kwa KO, na 12 kati yake hayakuvuka raundi ya kwanza. Novemba 22, 1986 alimpiga Trevor Berbick raundi ya pili akachukua mkanda wa WBC, shirika mojawapo linalotoa ubingwa wa dunia, akiwa na miaka 20. Mpaka leo hakuna aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu akiwa na umri mdogo kuliko huo.

Ali, wakati huo akiitwa Cassius Clay, alitoka Olimpiki ya Roma na dhahabu, na Oktoba 29, 1960 akapigana kwao Louisville na Tunney Hunsaker, mkuu wa polisi wa mji mdogo huko West Virginia. Alishinda kwa pointi baada ya raundi sita. Alipofikisha mapambano 19 alikuwa hajapigwa, akiwa na KO 15. Lakini njiani alikuwa ameshaangushwa mara mbili, na Sonny Banks mwaka 1962 na Henry Cooper jijini London mwaka 1963. Doug Jones naye alimsumbua raundi zote 10, na wengi waliokuwa ukumbini New York siku hiyo hawakukubaliana na majaji.

Ukisimama kwenye pambano la 19, Tyson yuko mbele. Songa hatua moja tu. Pambano la 20 la Tyson, Mei 1986, lilikuwa na James Tillis, bondia mzoefu lakini si bingwa, naye akawa mtu wa kwanza kumfikisha Tyson kengele ya mwisho. Pambano la 20 la Ali lilikuwa na Sonny Liston, bingwa wa dunia aliyeogopwa kuliko mtu yeyote wa uzito huo, Februari 25, 1964 kule Miami Beach. Liston alibaki kwenye kiti chake, hakutoka kwa raundi ya saba. Kabla ya hapo Ali alikuwa ameshakutana na Archie Moore, mzee tayari lakini mtu aliyeutawala uzito ulio chini ya huo kwa miaka, pamoja na Jones na Cooper. Katika wale 19 wa Tyson huwezi kupata majina ya aina hiyo.

Simshushi Tyson. Kasi aliyokuwa nayo mwaka 1985 sijaona mfano wake. Ninachosema ni kwamba rekodi ya mwanzo ina mikono miwili ndani yake: ya bondia, na ya anayempangia wapinzani. Tyson alilelewa na Cus D'Amato, mwalimu aliyewahi kumfikisha Floyd Patterson kwenye ubingwa akiwa na miaka 21. Mpango ulikuwa apigane mara kwa mara, na watu wa kumpa uzoefu bila kumvunja. Ali alikuwa na uzoefu huo tayari kutoka ridhaa, kwa hiyo walithubutu mapema. Namba zikiwekwa bega kwa bega, mikono hiyo miwili haitenganishwi.

Vasyl Lomachenko wa Ukraine anaonyesha ukingo wa mbali wa jambo hili. Akiwa na dhahabu mbili za Olimpiki, za 2008 na 2012, aligombea ubingwa wa dunia kwenye pambano lake la pili tu la kulipwa, Machi 2014. Orlando Salido akamshinda. Miezi mitatu baadaye, pambano la tatu, akauchukua mkanda. Rekodi yake ikasomeka 2-1, na mtu asiyejua angemwona chipukizi wa kawaida.

Enzi nazo hubadilisha maana. Sugar Ray Robinson alianza Oktoba 1940, akashinda mapambano 40 mfululizo kabla Jake LaMotta hajampiga Februari 1943, na bado alisubiri mpaka Desemba 1946 kupata ubingwa wa dunia. Siku hizo mara nyingi uzito mmoja ulikuwa na bingwa mmoja. Leo kuna mikanda minne mikubwa, WBC, WBA, IBF na WBO, na njia ya kuifikia inaweza kuwa fupi. Floyd Mayweather alikuwa bingwa kwenye pambano la 18, Oktoba 1998. Alikuwa uzito wa kilo 59, ambako ngumi moja haimalizi kazi kama kwa mabondia wa kilo 100, hivyo kulinganisha KO zake na za Tyson hakusaidii.

Sasa waliopigwa. Henry Armstrong alipigwa kwa KO pambano lake la kwanza, mwaka 1931. Mwaka 1938 alishika ubingwa wa uzito tatu kwa wakati mmoja. Bernard Hopkins naye alipoteza la kwanza, Oktoba 1988, akakaa nje zaidi ya mwaka mzima, kisha akarudi na kuja kuutetea ubingwa wa uzito wa kati mara 20. Manny Pacquiao alipigwa kwa KO raundi ya tatu na Rustico Torrecampo Februari 1996. Alikuwa amezidi uzito, akalazimishwa kuvaa glovu nzito zaidi. Desemba 1998 akawa bingwa wa dunia katika uzito wa kwanza kati ya nane alizozitawala. Na wetu wa Tanga, Hassan Mwakinyo, alikuwa ameshaonja vipigo kabla ya kuitwa kwa dharura Birmingham, Septemba 2018, akamsimamisha Sam Eggington raundi ya pili nyumbani kwao.

Hili la kuitwa kwa dharura linatuhusu sana huku kati. Kijana wa Dodoma au Singida anayetafuta pambano mara nyingi hulazimika kwenda Dar es Salaam au Morogoro, na huko anakuwa mgeni: mpinzani yuko kwao, ukumbi ni wake, taarifa imekuja siku chache kabla. Akipoteza kwa pointi raundi nne katika hali hiyo, rekodi inaandika moja upande wa kupoteza, basi. Aliyebaki nyumbani akapewa wapinzani wasiojiandaa anaandikiwa 6-0.

Kwa hiyo ukitaka kusoma rekodi ya chipukizi, anza na rekodi za aliopigana nao siku ile walipokutana, maana wengine hupanda au hushuka baadaye. Tazama raundi: aliyecheza nne nne kwa miaka mitatu bado hajajaribiwa pumzi. Tazama uzito siku ya kupima, mahali pambano lilipofanyika, na muda uliopita tangu la mwisho. Walimu wa ngumi wenye vijana wadogo wanaweza kuanza kuandika haya kwenye daftari tangu pambano la kwanza, kwa sababu promota akipiga simu atauliza namba tatu tu, na mwalimu ndiye atakayeweza kumweleza zilipatikanaje.