Nahau si methali, na "idiom" si "idioma"

Juzi nimelisikia tena lile kosa la kuita kila usemi nahau, na safari hii kwa mtu anayefundisha. Huwa najitolea katika darasa la Kiingereza la jioni hapa Houston, ambalo wanafunzi wake karibu wote ni wasemaji wa Kihispania: Wameksiko, Wahondurasi, Wavenezuela. Waligawiwa karatasi ambayo kichwa chake kilisema hizi ni nahau za kawaida za Kiingereza. Ya kwanza ilikuwa nahau kweli. Ya tatu ilikuwa methali. Ya sita ilikuwa onyo kwamba "embarazada" ya Kihispania ni mjamzito, si mtu aliyeona haya, yaani "embarrassed" ya Kiingereza. Nikanyamaza, maana kazi yangu pale ni kugawa kalamu na kufuta ubao.

Nahau ni fungu la maneno ambalo maana yake huipati kwa kujumlisha maana ya neno mojamoja. Aliyekata roho hakushika kisu, na waliokula njama walilala na njaa yao. Hiyo tu. Yaliyobaki ni ugomvi wangu.

Ugomvi wenyewe unaanzia kwenye jina, maana nahau kwa Kiingereza ni "idiom". Mama mmoja wa Honduras alinyoosha mkono akauliza: kama "idiom" ndiyo "idioma", mbona karatasi inasema ziko nyingi wakati hapa tunajifunza moja? Wenzake wakacheka, lakini swali lilikuwa na akili. Kwa Kihispania "idioma" ni lugha nzima: Kiingereza ni idioma, Kiswahili ni idioma. Na neno ni lilelile moja. Limetoka kwenye Kigiriki, "idios", yaani cha mtu mwenyewe, cha peke yake. Kutoka hapo likazaliwa "idioma", upekee, kile kinachomtenga huyu na yule. (Katika ukoo huohuo kuna "idiotes", ambaye kwa Wagiriki alikuwa raia wa kawaida tu, mtu wa mambo yake. Tusi lilikuja baadaye.) Likapitia Kilatini, na kila mmoja akalichukua kwa mkono wake. Wahispania waliona upekee wa watu ni lugha yao, wakaliita hivyo. Waingereza nao walipata kulitumia kwa maana ya lugha ya watu fulani, kisha likazidi kubanwa mpaka leo wengi wakilisikia wanawaza vifungu vya maneno visivyotafsirika. Mhispania akitaka kutaja vifungu hivyo husema "modismo", au "frase hecha", usemi uliokwisha tengenezwa. Kwa hiyo mwanafunzi wake hujikwaa mlangoni, kabla hajaiona hata nahau moja.

Kisa chetu kinanifurahisha zaidi. "Nahau" ni Kiarabu, "nahw", ambalo kwa asili ni njia au upande wa kuelekea, kisha likawa jina la elimu ya kupanga maneno katika sentensi. Ndiyo elimu iliyomtoa Sibawayhi, Mwajemi aliyesoma Basra katika karne ya 8, na mpaka leo mwanafunzi wa madrasa akisonga mbele hufundishwa mambo mawili yanayotajwa pamoja kama mapacha: "nahw" na "sarf". La kwanza huangalia sentensi, la pili hulinyambua neno. Kiswahili kiliwachukua mapacha wote wawili. Sarufi akapewa nyumba nzima, akawa jina la kanuni zote za lugha. Nahau, ambaye kwa Kiarabu hutangulia kutajwa, akakosa chumba, na mwishowe akapewa kazi ya kuita yale maneno ambayo kanuni hazina la kuyafanya. Wahispania walichukua neno la upekee wakaliita lugha. Sisi tulichukua neno la kanuni tukaliita upekee. Sijui lugha nyingine iliyofanya mzaha huu bila kukusudia.

Sasa methali. Hapa sizungumzi na walimu wa Houston peke yao. Hata kwetu mtu huandika "nahau ya leo" kwa herufi kubwa, na chini yake anaweka "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu". Hiyo ni sentensi iliyokamilika, imekuja na hukumu yake mkononi. Nahau haina hukumu. Ni kipande, kinangoja mtu wa kukitenda na wakati wa kutendwa: nimekata tamaa, atakata tamaa, wasingekata tamaa. Jaribu kuitia "Haraka haraka haina baraka" katika wakati ujao uone kama kuna atakayekujibu.

Kwenye ile karatasi, methali ilikuwa ya farasi wa zawadi, kwamba usimtazame mdomoni. Wahispania wanayo, karibu neno kwa neno: "A caballo regalado no le mires el diente." Mwanafunzi hana cha kujifunza pale zaidi ya maneno yenyewe, hekima aliinyonya kwa mama yake. Lakini "kick the bucket", kupiga teke ndoo, yaani kufa, ni jambo jingine. Kwao mtu "estira la pata", hunyoosha mguu, tena mguu wa mnyama. Vyote viwili hunyambuliwa bila taabu: jana alipiga, kesho atanyoosha. Ila usiguse kilichobaki. Mwingereza akipiga teke beseni, bado yu hai.

Na hapa ndipo kuchanganya kunapomuumiza mwanafunzi. Nahau za lugha hizi mbili hukaribiana sana halafu zinapishana kwenye kiungo cha mwili. Kitu cha bei mbaya kwa Kiingereza kinagharimu mkono na mguu. Kwa Kihispania, jicho la usoni. Anayekutania kwa Kiingereza anakuvuta mguu, kwa Kihispania anakuchukua nywele. Paka wa Mwingereza ana roho tisa, wa Mhispania saba. Halafu unakuta moja imefanana kabisa, kama kutupa taulo kwa maana ya kusalimu amri, kwa kuwa wote waliitoa kwenye ulingo wa ngumi, na mwanafunzi anapata moyo wa kutafsiri inayofuata. Yule mama wa Honduras alitueleza kwa Kiingereza safi kwamba dada yake hana nywele ulimini. Kwao maana yake ni msema kweli asiyemwogopa mtu. Mwalimu akauliza kama dada amekwenda kumwona daktari.

"Embarazada" sina haja ya kuigombania. Ni neno moja, linafanana kwa sura na neno la Kiingereza, maana zimeachana. Hakuna fungu, hakuna fumbo.

Wiki ijayo nitamwambia mwalimu, kwa upole, baada ya kufuta ubao: farasi aende kwenye karatasi ya methali, mjamzito apewe karatasi yake, ndoo ibaki ilipo. Na kando ya kichwa aongeze kwa kalamu "modismos", ili yule mama ajue kwamba "idioma" yake haikuwa kosa.