Kusanidi kichambuzi tuli cha msimbo ndani ya kontena: maana yake hasa

Uchambuzi tuli wa msimbo ni kuikagua programu kwa kusoma maandishi yake tu, bila kuiendesha. Kichambuzi hupitia faili zote, hutengeneza ramani ya jinsi msimbo ulivyopangwa, kisha huupima kwa kanuni zake: nywila iliyoandikwa wazi ndani ya faili, kigezo kilichotangazwa kisha kikasahaulika, swali la hifadhidata lililobandikwa maneno ya mtumiaji bila kusafishwa. Jambo lenyewe si geni. Stephen C. Johnson wa Bell Labs alitengeneza lint kwa ajili ya lugha ya C mwaka 1978, na vichambuzi vya leo vimetoka kwenye ukoo huo.

Chukua mfano wa Java. Mtu ameandika `if (jina == "Asha")`. Kwenye majaribio mstari huu unaweza kupita bila shida, maana Java hutunza nakala moja tu ya maneno yaliyoandikwa moja kwa moja ndani ya msimbo. Siku jina linapotoka kwenye fomu au hifadhidata, alama ile ya usawa inauliza kama hivi viwili ni kitu kilekile kwenye kumbukumbu ya mashine, haiulizi kama herufi zinafanana. Asha anakataliwa kwenye akaunti yake mwenyewe. Kichambuzi hulikamata kosa hilo kwa kusoma tu, na hakichoki kama anavyochoka mwenzako anayekagua kazi yako Ijumaa jioni.

Kontena nalo ni programu iliyofungwa pamoja na maktaba na vitu vyote inavyovitegemea, ikaendeshwa ikiwa imetengwa na programu nyingine za mashine hiyo. Docker, iliyotoka mwaka 2013, ndiyo iliyoufanya utaratibu huu kuwa wa kawaida. Kwa vichambuzi vikubwa ni nafuu ya kweli. SonarQube, kichambuzi tutakachokitumia hapa, kinachotengenezwa na kampuni ya SonarSource ya Geneva, Uswisi, inahitaji Java ya toleo maalumu na inabeba Elasticsearch ndani yake kwa ajili ya utafutaji. Kuviweka vitu hivyo kimoja kimoja kwa mkono ni kazi ya kuchosha. Kwa kontena, amri ni moja:

`docker run -d --name sonarqube -p 9000:9000 sonarqube:community`

Imeji yake, yaani kifurushi ambacho kontena huwashwa kutoka kwacho, si ndogo, kwa hiyo ipakue ukiwa na intaneti ya uhakika, si kwa bando la siku. Kisha fungua kivinjari kwenye poti 9000, ingia kwa jina `admin` na nywila `admin`, nayo itakulazimisha ubadilishe nywila hapohapo. Wengi wakifika hapa husema wamemaliza. Ukweli ni kwamba wamewasha tu, hawajasanidi. Kusanidi kichambuzi cha namna hii ni kuamua kipi kibaki nje ya kontena: data, siri, mipaka ya mashine, na msimbo wenyewe unaokaguliwa.

Tuanze na mashine, kwa sababu hapo ndipo kontena husimama sekunde chache baada ya kuwashwa, na mtu akabaki anashangaa. Kontena si kompyuta kamili. Ni kama chumba cha kupanga: samani utazipanga utakavyo, lakini mita ya umeme ni ya nyumba nzima. Makontena yote hutumia kerneli ileile ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, na kuna mipangilio ya kerneli ambayo huwezi kuigusa ukiwa ndani. Elasticsearch hutaka mchakato mmoja uruhusiwe kugawa kumbukumbu katika maeneo mengi, na Linux kwa kawaida huruhusu 65530. Ndiyo maana kwenye logi utakuta lalamiko kwamba `vm.max_map_count` iko chini mno na inatakiwa angalau 262144. Nyaraka za SonarQube zenyewe zinapendekeza 524288. Dawa yake iko kwenye mashine mama:

`sudo sysctl -w vm.max_map_count=524288`

Amri hiyo husahaulika mashine ikizimwa na kuwashwa tena, kwa hiyo mpangilio wenyewe, `vm.max_map_count=524288`, uandikwe pia kwenye faili ndani ya `/etc/sysctl.d/`. Anayetumia Docker Desktop kwenye Windows ana Linux iliyojificha chini yake kupitia WSL 2, na ni huko anakotakiwa kubadilisha, si kwenye Windows yenyewe. Utakutana pia na ushauri wa kuzima ukaguzi huo kwa kigezo cha `SONAR_ES_BOOTSTRAP_CHECKS_DISABLE`. Kwa laptopu ya kujifunzia, sawa. Kwa seva ya timu ni kufumba macho tu, tatizo liko palepale.

La pili ni data. Kontena hutengenezwa ili litupwe: ukitaka toleo jipya unafuta la zamani na kuwasha jingine. Chochote kilichoandikwa ndani yake bila kuwekewa hifadhi ya nje kinaondoka nalo. SonarQube ina folda tatu za kutolewa nje: `/opt/sonarqube/data`, `/opt/sonarqube/extensions` na `/opt/sonarqube/logs`. Tumia voliumu, yaani hifadhi za nje ya kontena zinazosimamiwa na Docker, badala ya kubandika folda ya kawaida ya mashine yako, kwani nyaraka zinaonya kwamba njia hiyo ya pili huzuia programu-jalizi zisijipange sawasawa.

Hata hivyo voliumu hizo peke yake hazitoshi. SonarQube huja na hifadhidata ndogo ya H2 ndani yake, na chini ya ukurasa hukuonya kuwa ni ya kujaribia tu. Onyo hilo si la mapambo. Data iliyoko H2 haiwezi kuhamishiwa kwenye hifadhidata nyingine, wala haipandi nawe kwenda toleo jipya. Kwa hiyo kama kuna dalili yoyote kwamba timu itaendelea kutumia chombo hiki, anza na hifadhidata kamili ya PostgreSQL siku ya kwanza, katika kontena lake na voliumu yake. Maelezo ya kuunganisha hupitishwa kwa vigezo vya mazingira, yaani thamani ambazo kontena hupewa linapowashwa: `SONAR_JDBC_URL`, `SONAR_JDBC_USERNAME` na `SONAR_JDBC_PASSWORD`. Nywila hiyo isiandikwe ndani ya `docker-compose.yml`, faili inayoorodhesha makontena yako, kwani hiyo huenda kwenye git, mfumo unaotunza historia ya msimbo. Iweke kwenye faili ya `.env` ambayo git imeambiwa iipuuze. Itakuwa aibu seva ya kukamata nywila zilizoachwa wazi iwe na yake imeachwa wazi.

Kipimo cha sehemu hii ni rahisi: futa kontena la SonarQube kwa makusudi, liwashe upya. Miradi na historia yake ikiwa bado ipo, umesanidi.

Sasa ukaguzi wenyewe. Seva hii haisomi msimbo wako. Inahifadhi kanuni na kuonyesha matokeo. Msomaji ni programu nyingine, skana, nayo ina kontena lake linaloishi dakika chache na kufutika:

`docker run --rm --network ukaguzi -e SONAR_HOST_URL=http://sonarqube:9000 -e SONAR_TOKEN -v "$PWD:/usr/src" sonarsource/sonar-scanner-cli`

Angalia anwani. Sikuandika `localhost`, maana ndani ya kontena neno hilo humaanisha kontena lenyewe, na skana ingeitafuta seva tumboni mwake isiione. Makontena mawili yakiwa kwenye mtandao mmoja wa Docker, hapa nimeuita `ukaguzi`, jina la kontena ndilo anwani. Seva nayo lazima iwe imeunganishwa kwenye mtandao huo. Tokeni, yaani ufunguo wa siri wa skana kuingilia kwenye seva, unaitengeneza ndani ya SonarQube, kisha inasomwa kutoka kwenye mazingira ya teminali yako, ndiyo maana kwenye amri limetajwa jina lake tu bila thamani. Sehemu ya `-v` ndiyo inayoingiza folda ya mradi ndani ya kontena. Ukiisahau, skana itakuta folda tupu.

Ndani ya mradi huwekwa faili ya `sonar-project.properties`. `sonar.projectKey` ni utambulisho wa mradi, `sonar.sources` ni mahali msimbo ulipo, na `sonar.exclusions` ni yale yasiyokuhusu. Hiyo ya mwisho ipe muda. Folda za `vendor` zenye maktaba za watu wengine, msimbo uliozalishwa na mashine na faili za JavaScript zilizobanwa vikiachwa humo, ripoti itajaa makosa ya watu wengine, na baada ya wiki hakuna atakayeifungua. Wa Java wana sharti la ziada: skana inataka pia madaraja (faili za `.class`) yaliyokwisha kukompailiwa, kupitia `sonar.java.binaries`, la sivyo inasimama.

Jambo jingine linalowapata watu kwenye mifumo inayoendesha ukaguzi kila msimbo unaposukumwa: mifumo hiyo mingi huvuta historia fupi ya git ili kuokoa muda. SonarQube huitumia historia kujua mstari upi uliandikwa lini na nani. Ikikatwa, haiwezi kutenganisha vizuri msimbo mpya na wa zamani. Vuta historia yote. Kwenye GitHub Actions, mfumo wa namna hiyo wa GitHub, ni kuweka `fetch-depth: 0`.

Utengano huo una uzito kwa sababu ndio msingi wa lango la ubora, kipimo kinachoamua kazi ipite au isipite. Lango linalokuja na SonarQube, liitwalo Sonar way, hutazama msimbo mpya: majaribio yafunike angalau asilimia 80, marudio ya msimbo uleule yasizidi asilimia 3. Mradi wa miaka kumi wenye makosa maelfu hauzuiwi kwa dhambi za zamani. Mimi naona ni uamuzi wa busara kuliko kuwataka watu wasafishe kila kitu kwanza, kwani hakuna meneja atakayetoa miezi mitatu ya kufagia. Ikiwa asilimia 80 ni mlima kwa timu isiyo na jaribio hata moja, tengeneza lango lako lenye kiwango mnachokimudu kisha mkipandishe taratibu.

Lango lenyewe halizuii chochote mpaka uliambie. Skana humaliza kazi yake kwa kutuma ripoti, na seva huichakata baadaye, kwa hiyo mfumo wako utaonyesha kijani hata lango likiwa limekataa. Ongeza `sonar.qualitygate.wait=true`, na skana itasubiri jibu na kurudisha kosa pale lango linaposema hapana.