Najisi nzito: hukumu ya mbwa kwa Mashafii

Katika fikihi (sheria ya Kiislamu) ya madhehebu ya Shafii, najisi nzito (mughaladha) ni ya mbwa na nguruwe. Madhehebu haya ni ya siku nyingi pwani yetu ya kusini: msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwakuta wenyeji ni Mashafii. Chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo safi. Msingi wake ni hadithi ya Abu Huraira iliyopokewa na Imamu Muslim, mkusanyaji wa hadithi.

Najisi huhama kwa majimaji. Mbwa mkavu akigusa kanzu kavu, salini tu. Akiwa amelowa umande wa shambani akajisugua kwako, hapo kuna kazi. Kama ni sufuria, mwaga kilichomo, koroga udongo kwa maji, sugua kote ndani, suuza, kisha maji matupu mpaka zitimie saba. Kwa kauli inayotegemewa na Mashafii, sabuni haishiki nafasi ya udongo. Wamaliki, wafuasi wa madhehebu ya Maliki, wao wanasema mbwa aliye hai ni tohara.

Kufuga ni suala jingine. Hadithi inasema afugaye mbwa hupungukiwa thawabu kila siku, isipokuwa mbwa wa mifugo, wa mawindo au wa shamba. Huku kwetu hilo la shamba si dogo. Nguruwe pori wakiingia kwenye mihogo usiku, asubuhi unakuta matuta yamefukuliwa na mizizi imetafunwa nusunusu. Mkulima wa Newala au Nachingwea anayekesha dunguni na mbwa wake hajapunguza dini yake hata kidogo.

Linaloniuma ni mawe. Watoto wanamponda mbwa anayejipitia, watu wazima wanatazama: "Si najisi huyo!" Unajisi ni hukumu ya tohara, haumpi mtu ruhusa ya kutesa. Imamu Bukhari, naye mkusanyaji wa hadithi, amepokea habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake na kumnywesha mbwa mwenye kiu. Mwenyezi Mungu akamsamehe.

Mbwa wa shamba naye achanjwe kichaa kila mwaka. Na akikuuma mbwa yeyote, usitie udongo kwenye jeraha. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha wahi hospitali siku hiyohiyo ukachomwe chanjo, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu.