Kituo cha maadili si polisi wa tabia

Ukitaja “kituo cha maadili” cha chuo kikuu, wengi hudhani ni ofisi ya kupima urefu wa sketi na kuwaonya watovu wa nidhamu. Sivyo, hiyo ni kazi ya kamati ya nidhamu.

Chukua Kituo cha Markkula cha Chuo Kikuu cha Santa Clara, California, kilichoanzishwa 1986. Kwa kuwa kiko Silicon Valley, eneo lenye kampuni nyingi za teknolojia, hushughulika sana na teknolojia. Mimi hunivutia zaidi upande wa hospitali, ambako wanafunzi hupelekwa kujifunza wodini. Hebu fikiria: mzee yuko kwenye mashine ya kupumulia, hajitambui. Binti anasema izimwe, kaka yake hataki kusikia. Wote wanampenda baba yao (ndiyo maana ugomvi hauishi). Kituo hakiji na hukumu. Mwongozo wake una maswali ya kuuliza: haki ya nani inaguswa? Nani ataumia, nani atanufaika? Yupo aliyesahaulika? Na mzee mwenyewe, alipokuwa na akili zake, alisema nini? Uamuzi unabaki kwa familia na madaktari.